Dereva wa Dar kwenye uwanja wa Kikula

Kwa mkazi wa Dar es Salaam, shaba ya Kongo si kitu cha mbali. Hupita Barabara ya Mandela ikielekea bandarini, mabamba yamefungwa minyororo juu ya matela, na sisi wa daladala huipisha huku tukilaani foleni. Mwezi wa saba nilipanda basi la Lubumbashi nikaifuata njia hiyo kinyume, kilomita takriban 2,000, kwenda kutazama vijana wa Likasi wanaoigiza, wanaochora na wanaoimba kuhusu virusi vya UKIMWI. Kongo sikuwa nimewahi kufika.

Mwaliko ulitoka kwa mwanamke anayeliongoza kundi hilo. Tulikutana kwenye warsha ya sanaa za maonyesho, tukabishana kutwa kama igizo linaweza kumbadilisha mtu lolote, na tulipoagana akasema, njoo uone. Mimi ni mwalimu wa jukwaa. Nilianza kazi katika klabu za TUSEME, mradi ulioanzishwa mwaka 1996 na wahadhiri wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Penina Mlama na Amandina Lihamba, ili wasichana wa sekondari wayaseme matatizo yao kwa njia ya maigizo. Kwa hiyo nilikwenda na imani. Nilikwenda pia na mashaka ya mtu aliyetazama maigizo mengi mno ya UKIMWI yaliyo mabaya: daktari mwenye koti jeupe, kijana mlevi, msichana anayekonda hadi kufa, wimbo wa mwisho, makofi, soda.

Njia yenyewe ina mengi ya kumfundisha anayekwenda na shauri hilo kichwani. Tunduma malori hupanga mstari mrefu, na pale lori linaposimama panaota nyumba ya kulala wageni, baa, mama muuza chipsi na mabinti. Upande wetu, utafiti wa kitaifa wa 2022–2023 ulikuta asilimia 4.4 ya watu wazima wanaishi na VVU. Ukivuka Nakonde umeingia Zambia, ambako utafiti wa 2021 ulikuta asilimia 11. Basi likateremka Mpika, Serenje na Kapiri Mposhi, likapita miji ya migodi, Ndola, Kitwe, Chingola, kisha tukafika Kasumbalesa, ambako upande wa pili tarakimu inaporomoka: katika utafiti wa afya ya kaya wa 2013–2014, Kongo ilikuwa na asilimia 1.2 tu. Abiria mwenzangu, mfanyabiashara wa vitenge, alipoona nikiandika tarakimu hizo alicheka akasema virusi havina pasipoti. Hakukosea. Wastani wa nchi kubwa kiasi kile humeza miji ya mpakani na ya migodini, na madereva niliowaona wakiota moto Kasumbalesa, wakingoja makaratasi kwa siku kadhaa, walikuwa walewale wa Tunduma. Si bure kwamba mpango wa Marekani wa kupambana na UKIMWI, PEPFAR, uliweka nguvu zake nchini Kongo katika Kinshasa na mikoa hii miwili ya shaba, Haut-Katanga na Lualaba.

Lubumbashi nililala tu. Niliona bomba refu la moshi na mlima mweusi wa mabaki ya shaba, vitu ambavyo kila mgeni huonyeshwa, nikala bukari, ugali wa huko, na samaki, asubuhi nikapanda gari dogo la Likasi. Ni kilomita 120 kuelekea kaskazini-magharibi, lami nzuri, msitu wa miombo huku na huku, magunia ya mkaa yamepangwa kando ya barabara, na malori. Lwisha tuliposimama, watoto walikimbilia madirishani na mahindi ya kuchemsha. Niliwazungumzia Kiswahili changu wakatazamana. Mmoja akaniuliza, "Papa, uko mwalimu?" Nikasema ndiyo. Wakacheka kama watu waliokwisha kushinda dau.

Likasi ni mji wa vilima. Wabelgiji waliupa jina Jadotville, kwa heshima ya Jean Jadot wa Union Minière, na hadi leo watu wa mbali wanaujua kwa jina hilo kutokana na filamu ya 2016 kuhusu askari wa Ireland waliozingirwa hapa Septemba 1961. Jina la Likasi lilirudi mwaka 1966. Mji umegawanyika katika mitaa mikubwa minne: Likasi yenyewe, penye barabara pana zenye miti na nyumba za zamani za mabosi, Panda na Shituru, upande wa viwanda, na Kikula, ambako watu ndiko waliko. Kilomita ishirini hivi kutoka mjini kuna Shinkolobwe, machimbo yaliyotoa urani ya bomu la Hiroshima. Katika mji huu kila kitu, shule, zahanati, unga wa mwisho wa mwezi, kilitoka kwa kampuni: kwanza Union Minière, baadaye Gécamines. Kampuni ilipoanguka miaka ya 1990, na hasa pale wafanyakazi zaidi ya 10,000 walipoachishwa kwa malipo ya mkupuo kwa msaada wa Benki ya Dunia mwaka 2003 na 2004, wana wa wafanyakazi hao walishika sururu wakawa wachimbaji wadogo, ba-creuseur kama wanavyoitwa. Mabinti wakaenda kuuza chakula kwa wachimbaji, kwa wanunuzi wa madini na kwa madereva. Kiongozi wa kundi alinieleza hayo tukiwa tunapanda kilima kwenda kwake, bila kupumua kwa shida, huku mimi nikitafuta pumzi. Vijana wote humwita yaya, yaani dada mkubwa, na mimi nikamwita hivyo.

Kabla sijafika kwenye igizo, niseme habari moja niliyotoka nayo nyumbani. Mwaka 1952 Hugh Tracey, yule Mwingereza aliyezunguka Afrika na mashine yake ya kurekodi muziki, alimkuta mtaani Jadotville kijana aitwaye Mwenda Jean Bosco, mzaliwa wa Bunkeya, akipiga gitaa kwa vidole viwili. Rekodi zile zilivuka mipaka, wapiga gitaa wa Kenya wakajifunza kwazo. Mwishoni mwa miaka ya 1950 Mwenda alipelekwa Nairobi, na mwenzake Edouard Masengo pia, kupiga muziki wa kutangaza vidonge vya Aspro. Kwa hiyo mtu asituambie kwamba kutumia sanaa kwa ajili ya afya ni mawazo ya wafadhili wa juzi. Katanga ilikwisha kuimba dawa ya kichwa kabla ya uhuru. Nilimweleza yaya akafurahi, ila akauliza swali ambalo halikunitoka tena: "Na ile dawa, walikuwa wanaimba tu, ao banaiuza pembeni?" Waliiuza pembeni, nikamwambia. "Njo vile," akasema. Ndivyo. Meza ya kupimia virusi nayo lazima iwe pembeni ya igizo.

Mazoezi hufanyika nyuma ya kanisa, kwenye kiwanja cha vumbi jekundu. Vijana walikuwa kama ishirini, wa miaka kumi na mitatu hadi kumi na tisa, nusu yao wanasoma na nusu wameacha. Hakuna aliyeshika karatasi, kwani hawaandiki mchezo. Wanakaa kwenye matofali wanabishana juu ya kisa, wanagawana sehemu, wanainuka wanajaribu, wanakaa tena kubishana. Namna hiyo ya kazi si yao peke yao. Kundi la Mufwankolo la Lubumbashi, lililokuwa maarufu kwenye redio na televisheni kwa vichekesho vya Kiswahili, lilifanya kazi vivyo hivyo. Mwanaanthropolojia Johannes Fabian aliwafuatilia mwaka 1986 walipotunga mchezo mzima juu ya methali moja ya utawala, akaandika kitabu kizima kuonyesha jinsi hoja zilivyozaliwa ndani ya ubishi wa mazoezi. Nilivyoona nyuma ya kanisa lile, kinga yenyewe inapikwa kwenye mabishano hayo. Watazamaji wa onyesho la Jumamosi, kwenye uwanja wa Kikula, huja kwa saa moja tu. Hawa ishirini wanashinda juma zima wakiulizana mtu anasemaje, kwa sauti gani, akiwa amesimama wapi, anapotaka kukataa.

Kwa sababu taarifa wanazo. Nilijaribu kuwapima siku ya kwanza, kwa tabia ya ualimu, nikakuta wanajua njia za maambukizi kuliko wanafunzi wangu. Wanajua kondomu, wanajua sindano na wembe, wanajua kuwa mbu hana hatia. Kilichokuwa kigumu ni mambo ya aina nyingine. Mvulana mmoja mrefu, anayechimba siku zisizo za shule, aliombwa kuigiza kijana anayemwambia mpenzi wake kwamba waende kupima. Alisimama akaanza kucheka, akageuka, akaanza tena. Kila alipoitamka, sentensi ilimtoka kama tusi, au kama maombi ya kanisani. Wenzake wakamzomea, wakampa maneno mengine, akayajaribu. Ilichukua sehemu kubwa ya alasiri. Mwishoni alisema, akiwa anajifunga kamba ya kiatu, macho yakiwa chini, "Tuende wote bawili tupime. Mi naogopa peke yangu." Wakampigia makofi, na yaya akasema hiyo ya kiatu ibaki.

Kuna sheria mbili za yaya nilizozipenda kuliko hotuba yoyote niliyoisikia kuhusu jambo hili. Ya kwanza, hakuna anayekufa. Kifo kimepigwa marufuku katika michezo yao. Miaka ya 1980 ilieleweka kwa nini wasanii waliimba kifo: Franco alitoa wimbo wake wa tahadhari ya SIDA, yaani UKIMWI, mwaka 1987, na Philly Lutaaya wa Uganda alijitangaza hadharani mwaka 1989 akaimba upweke wa mgonjwa, akafariki Desemba mwaka uleule. Hapakuwa na dawa. Leo mtu akigundulika mapema akameza vidonge vyake kila siku anaishi, anaoa, anazaa watoto wasio na virusi. Kwenye uwanja wa Kikula, akasema yaya, wamo watoto waliozaliwa navyo ambao sasa ni vijana. Ukimwua msichana jukwaani, umewadanganya hao, tena mbele ya jirani zao.

Sheria ya pili: hakuna anayetaja hali yake mwenyewe. Mashirika mengine hupenda ushuhuda, mtu asimame aseme mimi ninaishi navyo. Kwa mtu mzima aliyeamua, sawa, tena ni ushujaa. Lakini kijana wa miaka kumi na tano akisema hivyo Kikula Jumamosi, Jumatatu ataketi peke yake darasani. Jukwaani anasema kila kitu kwa mdomo wa mtu mwingine. Nilitazama onyesho fupi la mtoto anayegundua kwamba vidonge alivyopewa tangu utotoni, alivyoambiwa ni vya moyo, ni vya virusi. Msichana aliyemwigiza alimuuliza mama yake wa igizo maswali makali, mfululizo, yaliyokuwa yamepangwa vizuri mno. Yanaweza kuwa yake, yanaweza kuwa ya rafiki yake, au ameyatunga. Kundi haliulizi, na mimi sikuuliza.

Upande wa wachoraji kulikuwa na mabishano ya aina nyingine. Ukuta wa zahanati moja ulikuwa umetolewa kwao wauchore, na wafadhili wa zamani walizoea utepe mwekundu na maneno ya kuhimiza. Vijana walimchora mamba muntu. Kila aliyewahi kuingia sebule ya Katanga anamjua: nusu mwanamke nusu samaki, nywele ndefu, nyoka begani, mchoro wake ulipamba nyumba nyingi za mjini miaka ya 1970, enzi za wachoraji kama Tshibumba Kanda-Matulu, aliyeichora historia nzima ya Kongo katika picha zaidi ya mia. Mamba muntu humpa mtu mali, lakini kwa masharti ya siri, na mwishowe hudai. Wa ukutani huyu alikuwa mwanamume. Tumbo la mnunuzi wa madini, saa ya dhahabu, mkia wa samaki, na mkononi, badala ya kioo, simu mpya ameielekeza kwa mtazamaji. Chini hapakuandikwa kitu. Mkuu wa zahanati alitaka yaongezwe maneno ili watu waelewe. Wapita njia walikuwa wakisimama, wakicheka, wakitajana majina. Walikuwa wameelewa.

Kwenye kiwanja kuna sanduku la maswali, bati la maziwa lililotobolewa. Muuguzi huja kila Alhamisi kulifungua. Nilikaa nyuma nikaandika. Mtu akibusu anaambukizwa? Hapana. Kipimo cha damu ya kidole kinachukua muda gani? Dakika kumi na tano au ishirini, na kama umejiweka hatarini juzi tu, kinaweza kisione, urudi baada ya wiki kadhaa. Mwanamume aliyetahiriwa hapati? Hatari yake ya kuambukizwa na mwanamke hupungua, takriban kwa asilimia 60, haiishi, na mwanamke aliye naye hapati kinga kwa hilo. Anayekunywa dawa hadi virusi havionekani kwenye kipimo anaweza kumwambukiza mwenzake kitandani? Hawezi. Hapo palizuka kelele, kwa kuwa wengi hawakuamini, na muuguzi akarudia polepole, akaeleza kwamba masharti ni kumeza kila siku na kupimwa wingi wa virusi. Kisha akafungua karatasi iliyokunjwa kidogo sana, akaisoma kimya kwanza. Mtu amelazimishwa, afanye nini? Akajibu bila kumtafuta mwandishi kwa macho: aje zahanati au hospitali mara moja, leo kuliko kesho, kwa sababu kuna dawa za kuzuia zinazofaa tu zikianzwa ndani ya saa 72, na humezwa kwa siku 28. Alirudia saa hizo 72 mara nyingi kuliko kitu kingine chochote siku ile. Yaya baadaye alitaka ziingizwe kwenye wimbo, na zikaingizwa, katika kiitikio, wanazipigia makofi.

Sasa niseme ya Jumamosi. Mchezo ulikuwa wa binti wa miaka kumi na sita anayeuza mikate ya mafuta kwenye maegesho ya malori, na dereva anayemwahidi simu. Kijana aliyezoea kuigiza dereva alikuwa ameitwa machimboni na kaka yake. Yaya akanitazama. Nikapinga, nikasema mimi mgeni, Kiswahili changu kitawachanganya. "Njo muzuri," wakasema kwa pamoja. Madereva wengi wanaopita wanatoka Tanzania, na mimi ni mtu mzima mwenye tumbo linalofaa. Nikavishwa kofia.

Watu walijaa uwanja kabla jua halijapinda: watoto mbele chini, vijana wamesimama, akina mama na mabeseni yao, ba-creuseur wachache wenye vumbi la kazi. Ngoma na gitaa vilitangulia. Nilipofungua mdomo kwa Kiswahili cha Dar uwanja mzima uliangua kicheko, na kila nilichosema baada ya hapo kilikuwa na wateja. Tuliucheza mchezo mara ya kwanza hadi mwisho wake, pale binti anapopanda lori. Kisha yaya akaingia katikati akaeleza utaratibu: tunarudia, na yeyote anayeona binti angeweza kufanya vingine apige kelele "Simama!" achukue nafasi yake. Ni ile mbinu ya Mbrazili Augusto Boal. Watu wa Kikula hawakuhitaji jina lake.

Wa kwanza kuingia alikuwa msichana wa sare ya shule. Alinihutubia. Akanitajia magonjwa yote, akanyoosha kidole. Nilimsikiliza, nikamwambia, "Mwanangu, una akili sana, ndiyo maana nataka usome, hiyo simu ni ya masomo." Akakwama. Nilishangaa jinsi hoja zilivyonijia kwa wepesi, moja baada ya nyingine, laini, za kibaba. Sikuzitunga papo hapo. Nimezisikia vituoni na kwenye baa miaka yote, na zilikuwa zimejihifadhi tu. Akaingia mwingine, akajaribu ukali, watu wakamshangilia, lakini nilipogeuka kwenda kwa binti mwingine alijikuta amebaki na beseni lake na hana mteja. Mvulana mmoja akaomba nafasi ya binti, uwanja ukacheka, akanijibu kwa mzaha hadi nikashindwa kujizuia. Kwa mzaha ule aliweza kufika mbali kuliko wote waliotangulia, kwa kuwa dereva anayechekwa mbele za watu hawezi kuendelea kutongoza.

Kisha akaja msichana mdogo wa umbo, hakuwa wa kundi. Hakunihutubia. Aliendelea kupanga mikate yake. Nikamwahidi simu. "Simu nitapata yangu." Nikamwambia nampenda. "Basi tuende wote bawili tupime kwanza. Pale." Akaonyesha meza ya muuguzi, ya kweli, kando ya uwanja, yenye kitambaa cheupe na foleni tupu. Nikasema nina haraka, lori linanisubiri. "Hautaki? Mi narudia ku nyumba." Akajitwisha beseni akaondoka uwanjani, akapita katikati ya watu, na sikuwa na neno. Kelele zilizofuata ziliwatoa watu hadi kwenye nyumba za jirani. Nikiwa nimesimama pale na kofia yangu, niliona kwamba nguvu ya jibu lake ilikuwa katika kile kidole. Meza ingekuwa haipo, yangekuwa maneno.

Mchezo ungeweza kuishia hapo kwa ushindi, na kwa wafadhili ungekuwa mwisho mzuri wa ripoti. Lakini mama mmoja wa makamo, muuza mboga kwa mabeseni aliyokuwa nayo, hakupiga makofi. Alisimama akauliza kwa sauti ya kawaida tu: "Na kama kule ku nyumba hakuna bunga?" Unga. Kicheko kikaisha. Akaendelea: mmemtuma mtoto akauze mikate, amerudi na mikate, mama yake anamngoja na sufuria. Nyie mnafikiri ni nani aliyemtuma kwa dereva?

Yaya hakujibu, na nilimheshimu kwa hilo. Mimi ningejibu. Shirika la Umoja wa Mataifa la UKIMWI lilikadiria kwamba mwaka 2022 wasichana na wanawake wa miaka 15 hadi 24 wapatao 4,000 waliambukizwa kila wiki duniani, 3,100 kati yao katika Afrika kusini mwa Sahara, na kila ripoti ya aina hiyo hutaja umaskini katika aya moja yenye heshima. Mama huyu alikuwa ameutaja kwa jina lake, bunga, mbele ya watu wanaojua bei yake. Igizo linaweza kumpa binti sentensi. Unga haliwezi kumpa, na anayeigiza bila kukiri hivyo anawapotezea watu muda.

Foleni ya meza ilijaa baada ya mchezo, wengi wakiwa wavulana, wakisukumana kwa aibu. Kibanda cha majibu kilikuwa nyuma ya ukuta, mtu akiingia mmoja mmoja. Muuguzi alifanya kazi hadi giza lilipoingia na umeme ukawa haujarudi, akamalizia kwa taa ya kichwani, aina ile wanayovaa wachimbaji. Vipimo vilikwisha kabla ya watu. Tangu serikali ya Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje Januari 2025, vifaa huja kwa kuchelewa na nauli ya vijana haipo tena. Walipungua mwanzoni, akasema yaya, kisha wengine wakarudi. Hakunipa maelezo ya kwa nini walirudi. Alikuwa akihesabu sindano zilizobaki.

Jumapili baada ya misa kundi lilikaa kwenye matofali kuuchambua mchezo. Mkuu wa shule moja alikuwa ametuma ujumbe kwamba wanakaribishwa, mradi kondomu isitajwe. Walipiga kura, wakakubali kwenda, na kuamua kwamba swali la kondomu litatoka kwa watazamaji, kwa sababu daima hutoka, na mkuu ataamua mwenyewe kama atawafukuza wanafunzi wake. Mpango huo niliuona wa kijanja, na niliwaambia. Kisha wakafika kwenye bunga. Mvulana wa kamba ya kiatu alisema mchezo wote umekosewa, kwamba anayepaswa kubadilishwa nafasi na watazamaji si binti. Ni mama. Aonekane nyumbani asubuhi, kabla ya beseni kutoka, na watu waje kujaribu kuwa yeye. Wakazozana. Msichana mmoja akasema wakimweka mama jukwaani watamfanya mlevi au mchawi, kama kawaida ya michezo yote. Mwingine akauliza ni nani kati yao anayejua mama anafikiri nini saa kumi na moja asubuhi.

Wakamtuma mtu sokoni kumwita yule muuza mboga. Alikuja na mtoto mgongoni, akasikiliza amesimama, akawauliza mara mbili kama wanamtania. Walipomhakikishia, alitoa masharti yake: hataigiza mlevi, hatalia, na asipangiwe kumpiga mtoto. "Na nitakuya," akasema, "lakini nyuma ya soko." Baada ya soko, yaani. Mazoezi ya Jumatatu yakasogezwa hadi saa kumi na mbili jioni, na yaya akaniuliza kama kwetu Dar naweza kupata taa za kichwani kwa bei nafuu.